Kipigo cha Nyumbani: Sheria, Utafiti na Wajibu wa Chama

Katika mikutano ya vyama vyetu tumezoea kujadili mikopo, majosho, bei za mnadani na marejesho. Liko jambo moja ambalo ni nadra kuingizwa katika ajenda, ingawa linayagusa marejesho hayo hayo: mwanachama anayepigwa nyumbani kwake. Mama aliyevunjwa mkono hakamui, haendi mnadani wala hahudhurii mkutano. Yafaa basi tuelewe sheria inasema nini, utafiti umeonyesha nini, na Chama kina wajibu gani.

Kwanza, sheria. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kipigo, hata kama ziko mila zinazoruhusu. Kifungu hicho hakikutaja adhabu; kwa hiyo mshtakiwa hushtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu. Shambulio la kudhuru mwili laweza kumfunga mtu hadi miaka 5, na madhara makubwa hadi miaka 7. Ndoa si kinga mbele ya vifungu hivyo.

Pili, utafiti. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, 41 katika kila 100 mjini Dar es Salaam, na 56 katika kila 100 huko Mbeya, walisema wamewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mwenzi wao. Basi tusidhani kwamba hili ni tatizo la wafugaji, au la kabila fulani.

Utafiti mwingine unatuhusu zaidi sisi wanaushirika. Ulifanywa jijini Mwanza, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2019. Wanawake 1,049 katika vikundi 66 vya mikopo walishiriki. Nusu ya vikundi ilichaguliwa kwa bahati nasibu ipewe mafunzo ya vipindi 10 kuhusu uhusiano wa mume na mke, kutatua ugomvi na kuepuka ukatili; nusu nyingine ilingoja. Baada ya miaka 2 hivi, waliofanyiwa ukatili wa kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu katika mwaka uliotangulia walikuwa 23 katika kila 100 kwenye vikundi vilivyofunzwa, na 27 katika kila 100 kwenye vikundi vilivyongoja. Mafunzo ya namna hiyo yalipotolewa kwa wanawake wasiokuwa katika vikundi vya mikopo, upungufu huo haukuonekana. Fundisho tunalopata ni kwamba mkopo peke yake hautoshi, na hotuba peke yake haitoshi. Kikundi kinachokutana mara kwa mara ndicho mahali pa kuanzia.

Tatu, umbali wa haki. Mwanamke wa Piyaya, katika Wilaya ya Ngorongoro, ana safari ndefu kufika hospitali ya Wasso au kituo cha polisi cha Loliondo. Kesi huhitaji fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ambayo mganga huijaza baada ya kuyaona majeraha. Majeraha hupona, siku zikipita, ushahidi nao hupotea. Ndiyo maana shauri nyingi huishia kwa wazee. Usuluhishi wa malaigwanani una heshima yake, lakini haufuti kosa la jinai. Tena, ng'ombe wa faini wakiingia katika zizi la wengine, aliyeumizwa amepata nini?

Kwa hiyo kila Bodi ya Chama inashauriwa kutekeleza haya:

(a) Kutenga fungu dogo la dharura kwa nauli ya mwanachama aliyeumizwa, ili afike polisi na hospitali siku hiyo hiyo. Aliye katika hatari ya maisha atibiwe kwanza.

(b) Kuwateua wanachama wawili wanaoaminika, mmoja wao mwanamke, wamsindikize hadi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na watunze siri zake.

(c) Kumsaidia kumpata msaidizi wa kisheria, ambaye kazi yake inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

(d) Kuyaingiza mafunzo haya katika mikutano ya vikundi vya kuweka na kukopa, na kuwaalika waume na wazee pia.

(e) Kutomtoza faini mwanachama aliyechelewesha rejesho kwa sababu ya majeraha.

Ndugu Wanaushirika, tunadhaminiana katika mikopo kwa kuwa tunajua mmoja wetu akianguka deni ni letu sote. Anayeanguka kwa kipigo naye ana haki ya kudhaminiwa. Makatibu wanaombwa kulileta jambo hili mbele ya Mkutano Mkuu ujao.