Munganga aliyekaa miaka 8 bila kugusa mgonjwa: anaanzia wapi?

Ndugu zangu, kila tukikutana sisi wa lisansi, hakukosi mtu wa kuuliza juu ya kaka ao dada yake munganga aliyekimbilia Kampala, Nairobi, Cape Town ao Bulaya. Amekaa huko miaka mingi, anauza vitu ao analinda magari ya watu, na diploma iko chini ya godoro. Je, anaweza kurudia kazi?

Mimi ni wa agronomia, si munganga. Lakini dada yangu mkubwa ni munganga, alikuwa anafanya kazi upande wa Masisi. Alivuka mpaka mwaka 2017, na leo anauza vitenge Kampala. Nimemsaidia kupanga dosie yake, tukasoma pamoja masharti ya nchi moja baada ya ingine. Ninaandika yale tuliyoyaona. Tena swali hili litazidi tu: Masisi-centre ilianguka Januari 2025, Goma ikafuata mwezi uleule, Walikale-centre mwezi wa tatu. Waganga waliotoka wakati ule, saa yao imeshaanza kuhesabu.

Watu wengi wanafikiri shida ni diploma ya Kongo. Kusema kweli, diploma si jambo gumu zaidi. Karibu kila nchi inauliza mambo manne: diploma ni ya kweli? Lugha yetu unaijua? Kazi unaijua? Na mara ya mwisho uligusa mgonjwa lini? Yale matatu ya kwanza yanangoja, unaweza kuyashugulikia leo ao mwaka kesho. La nne linaongezeka uzito kila mwezi, hata ukilala.

Na hawaulizi kwa ubaya. Kule kwetu, Mweso, Kirotshe ao Pinga, munganga jeneralisti njo anafanya sezariani, njo anapasua henia, njo anatibu malaria kali ya watoto, wakati mwingine usiku mmoja. Yale ya vitabu yanarudi kwa kusoma, lakini yale ya vidole yanarudi kwa kufanya tu. Dawa nazo zinageuka: mwaka 2019 OMS ilipendekeza dolutegravir kuwa dawa ya kwanza kwa wagonjwa wote wa VVU. Aliyeacha kazi 2017 alikuwa anajua mpango mwingine. Kwetu agronomia, shamba lililolala miaka 8 halijakufa, lakini hakuna anayepanda siku anayofika. Anafyeka kwanza, anaangalia udongo.

Sasa njia. Ile ya kurudi kliniki moja kwa moja iko, ila inategemea nchi. Uganda, baraza la waganga (UMDPC) njo linatoa ruhusa, na kila kitu kinaenda kwa Kiingereza, wakati sisi tulisoma kwa Kifaransa. Wengi walifurahi RDC ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wakafikiri diploma itavuka mpaka kama mutu. Hapana. Lazima mabaraza ya kazi yakubaliane, kila kazi peke yake. Afrika Kusini kuna mtihani wa HPCSA, pamoja na barua ya wizara ya afya.

Ufaransa inanipendeza kidogo kwa jambo moja: kwenye mtihani wao wa kupima ujuzi, mwenye hati ya ukimbizi anawekwa kwenye liste tofauti. Anatafuta alama ya kupita, hashindanii nafasi chache na wengine. Tena mtihani ni wa Kifaransa. Uingereza kuna PLAB: sehemu ya kwanza ni maandishi, ya pili unafanya Manchester, mbele ya watu wanaoigiza kuwa wagonjwa. Wanataka ueleze pia ulifanya nini miaka 5 iliyopita. Kule Salford kuna kituo kinaitwa REACHE, kinafundisha waganga wakimbizi lugha na namna hospitali za kwao zinavyofanya kazi. Kanada na Marekani ni ngumu zaidi kwa mwenye pengo refu, maana njia nyingi za huko zinaangalia kazi ya karibuni ao mwaka uliomaliza chuo.

Lakini kwa mtu wa miaka 8, mimi naona kosa ni kukaa akingoja ile ruhusa kubwa tu. Wakati anangoja, pengo linakua. Afadhali aingie kwenye kazi iliyo karibu na mgonjwa, hata kama haimwite docteur: chanjo, lishe, kufuatilia magonjwa ya kuambukiza, takwimu za afya, kufundisha wahudumu wa jamii. Tuliiona wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020: waganga kibao walifanya kazi ya kutafuta waliogusana na wagonjwa, ya kupanga chanjo, ya kusoma takwimu, bila kushika kisu hata siku moja. Profesa Muyembe mwenyewe, aliyeongoza kazi ile tangu Julai 2019, jina lake lilijengwa sana na maabara. Nani atasema si munganga?

Mwenye uwezo wa kusoma tena, masters ya afya ya jamii iko Makerere, iko Kinshasa. Kwenye nchi zilizopokea Wakongo wengi, hospitali zinatafuta wakalimani wa Kiswahili, na anayejua jina la dawa na jina la ugonjwa anatangulia. Wengine wanaanza kama wasaidizi wa wauguzi. Ninajua kwetu hiyo inaonekana kama kushuka, mama atauliza tulilipa minerval ya nini. Lakini msaidizi anaingia wodi kila asubuhi, anasikia lugha ya kazi, na daktari mkubwa anaweza kumuandikia barua. Muuza vitenge hana wa kumuandikia.

Kurudi nyumbani nako ni njia, pale usalama unaruhusu. Zone za afya za Masisi na Walikale zina upungufu wa waganga tangu zamani. Ila asianze na sezariani usiku wa kwanza. Aombe médecin directeur miezi ya staji, asimame pembeni ya meza ya upasuaji, ashike vyombo, halafu mkono urudi polepole.

Na ninyi mnaosoma medesini sasa: diploma, relevé za kila mwaka, atestasyo ya staji, karatasi ya Ordre des médecins, piga picha zote leo, zitume kwa email yako na ya mtu mwingine aliye mbali. Lipeni pia mchango wa Ordre hata mkiwa ukimbizini, maana nchi nyingi zitaomba barua inayosema jina lako halina tatizo. Dada yangu alitoka na relevé mbili tu. Tulichukua miezi 14 kupata zile zingine.