Mafuta ya Kwanza ya Injini Mpya

Maneno ya leo ni juu ya kubadili mafuta katika injini mpya, hasa injini ndogo ya dizeli yenye silinda moja, kama ile iendeshayo mashine ya kusaga mahindi kijijini. Mashine kama hiyo mara nyingi hununuliwa kwa fedha za watu wengi waliochangishana. Ikifa, fedha zao hupotea, na akina mama hurudia kinu na mchi, au hujitwika mahindi na kwenda kusaga mbali.

Watu wengi hudhani ya kuwa injini, kwa sababu ni mpya, haihitaji kuangaliwa mpaka itakapochakaa. Dhana hiyo huharibu injini nyingi. Kwa kweli siku za kwanza ndizo zitakazo uangalizi mkubwa kuliko siku nyingine zote, na sababu yake ni hii ifuatayo.

Yafaa kwanza tutenganishe mafuta ya namna mbili. Dizeli ni chakula cha injini: huingia, huungua, hwisha. Lakini mafuta ya injini hukaa katika sampu, yaani bakuli lililo chini ya injini, na kutoka humo hupelekwa kila mahali ambapo chuma husuguana na chuma. Hulainisha, hupoza, husafisha, tena huziba nafasi nyembamba iliyo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Injini izungukayo mara 2,000 kwa dakika, pistoni yake hupanda mara 2,000 na kushuka mara 2,000 katika dakika hiyo moja. Kinachozuia chuma kisilane na chuma ni utando mwembamba wa mafuta, wala hapana kingine.

Sasa, ukiutazama ukuta wa silinda mpya kwa macho, utauona laini. Lakini ukiutazama kwa chombo cha kukuzia vitu vidogo, utaona matuta madogo mno yaliyoachwa na vyombo vya kiwandani. Injini inapoanza kufanya kazi, ringi za pistoni huyasugua matuta hayo mpaka vyuma viwili vizoeane. Hilo ni jambo jema, maana ndivyo silinda inavyopata kuzibika vizuri. Ila vumbi la chuma lililosuguliwa halina pa kwenda isipokuwa kushuka katika mafuta. Pengine hukutana humo na mabaki madogo ya chuma au mchanga wa kiwandani. Injini nyingi ndogo zina chujio la waya tu, na vumbi laini hupenya. Basi mafuta yale yaliyowekwa ili kulinda beringi huanza kuzila kama msasa. Ndiyo maana mafuta ya kwanza hayaachwi yakae muda mrefu.

Je, yabadiliwe lini? Kitabu kinachokuja pamoja na injini ndicho kisemacho neno la mwisho, nacho kisitupwe pamoja na sanduku. Injini nyingi za dizeli za namna hii hubadiliwa mafuta ya kwanza baada ya kufanya kazi saa 50 hivi, kisha kila baada ya saa 100. Injini ndogo za petroli, kama zile za mashine za kukatia majani ya viwanja vya mpira ambazo mwendeshaji hukaa juu yake, mara nyingi hutaka mapema zaidi, baada ya saa 5 mpaka 8 za kwanza. Angalia kwamba tunahesabu saa za kazi, si siku za kalenda. Mashine isagayo saa 8 kila siku hutimiza saa 50 katika siku ya saba. Kwa hiyo hapana budi kuwe na daftari, na mwendeshaji aandike kila jioni saa alizofanya kazi.

Na mafuta gani? Juu ya kopo utaona herufi SAE na nambari. Herufi hizo ni za chama cha wahandisi wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1905, na nambari huonyesha uzito wa mafuta: 40 ni mazito kuliko 30. Ukiona 15W-40, nambari ya kwanza yahusu mafuta yakiwa baridi, na ya pili yakiwa moto. Tazama pia herufi zinazofuata neno API: zile zianzazo na C ni za injini za dizeli, na zianzazo na S ni za petroli. Chagua kama kitabu kisemavyo, wala usinunue mafuta ya chupa isiyo na alama wala kifuniko kizima.

Sasa twende kazini, hatua kwa hatua.

Kwanza, fungua milango ya nyumba ya mashine, maana moshi wa injini una sumu isiyoonekana. Ondoa mkanda wa kinu, kisha iendeshe injini bure kwa dakika 10 hivi. Mafuta yakipata moto huwa mepesi, na uchafu uliotuama huinuka ukatoka pamoja nayo. Izime, funga dizeli, weka mbali mpini wa kuwashia, ungoje kidogo ili mafuta yasikuunguze.

Pili, futa uchafu unaokizunguka kizibo cha chini na tundu la kutilia mafuta. Tega karai, fungua kizibo kwa spana iliyo sawa nacho, uache mafuta yatiririke mpaka yabaki matone tu. Usiwe na haraka, maana yale yabakiayo ndiyo machafu kuliko yote.

Tatu, toa chujio, ulioshe kwa dizeli safi, ulikaushe vizuri. Usilifute kwa kitambaa kinachoacha nyuzi. Ikiwa ni lile la kutupwa, weka jipya.

Nne, tazama washa ya shaba ya kizibo. Ikiwa imepondeka, weka nyingine. Anza kukirudisha kizibo kwa vidole, ndipo ukikaze kwa spana, lakini si kwa nguvu zako zote, maana meno yake yakikatika mafuta yatavuja daima.

Tano, tia mafuta mapya kwa faneli safi, kidogo kidogo, ukipima kwa kijiti. Kiasi chema ni kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu. Yakipungua, beringi hukauka. Yakizidi, krenki huyapiga yakafanya povu, na povu halilainishi kitu.

Sita, washa injini kwa dakika chache, utazame alama ya mafuta kama injini yako inayo, na chini ya kizibo uone kama pana tone. Zima, ngoja mafuta yashuke, upime tena. Halafu andika katika daftari tarehe na saa.

Kabla ya kuyaondoa mafuta yale ya zamani, yasome, maana yana habari. Weusi si ubaya katika dizeli: ni masizi yaliyochukuliwa na mafuta, na hata mafuta mapya hugeuka meusi upesi. Vumbi laini linalometameta kidogo safari ya kwanza si ajabu. Lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, au rangi kama ya maziwa ambayo ni dalili ya maji, au harufu kali ya dizeli na mafuta kuongezeka yenyewe, hizo ni dalili za kumwita fundi kabla ya kuwasha tena.

Mwisho, usimwage mafuta hayo ardhini, wala mtoni, wala karibu na kisima, maana mafuta machache huharibu maji mengi. Yatie katika kopo lenye kifuniko, uyapeleke gereji yanakokusanywa. Osha mikono kwa sabuni, kwa kuwa mafuta yaliyotumika yakizoea kukaa juu ya ngozi huleta maradhi, hata saratani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafuta ya kubadili ni lita chache tu, na kazi yake haizidi saa moja. Krenki ikiliwa, kijiji chaweza kukaa bila kusaga mpaka fedha nyingine zichangwe. Basi mwendeshaji akikwambia, ‘Leo hatusagi asubuhi, tunabadili mafuta,’ usimnung’unikie. Ngoja, maana anaulinda unga wako wa mwaka ujao.