Jiko la Peleti Umeme Unapokatika

Tunawakumbusha wakazi wa Maine watumiao jiko la peleti za mbao kwamba jiko hilo halifanyi kazi bila umeme: mota husukuma peleti motoni, feni hutoa moshi nje. Umeme ukikatika, moto hufifia na moshi waweza kurudi ndani.

Kabla ya kununua betri na inveta, soma kibandiko cha jiko. Jiko la wati 100 hutumia wati-saa 600 kwa saa 6. Kuliwasha huhitaji wati nyingi zaidi kwa dakika chache, na inveta sharti izihimili.

Jenereta iwekwe nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, moshi wake ukielekea mbali na madirisha. Isiwashwe gerejini hata mlango ukiwa wazi: kaboni monoksaidi haina harufu, nayo huua. Kila nyumba iwe na king'ora cha gesi hiyo.