Mji wa Magurudumu Katika Jangwa la Arizona

Upande wa magharibi wa jimbo la Arizona, nchini Marekani, takriban kilomita 30 kutoka mto Colorado unaolitenga jimbo hilo na California, upo mji mdogo uitwao Quartzsite, ambao sensa ya mwaka 2020 iliukuta na wakazi wasiotimia elfu mbili na nusu, na ambao wakati wa joto, jua linapochoma changarawe tangu alfajiri, msafiri huupita bila ya kutamani kushuka. Lakini ifikapo Januari, theluji inapofunika majimbo ya kaskazini na Kanada, jangwa lote la kandokando hujaa nyumba za magurudumu: nyingine zina vitanda, jiko na bafu, na nyingine ni vigari vya mizigo visivyozidi matatu ya Kawangware jijini Nairobi, ambamo bibi wa miaka 70 amepanga godoro, vitabu na paka wake. Wengi wa watu hawa hawana nyumba nyingine popote. Wako waliouza zao kwa hiari baada ya kustaafu, na wako walionyang'anywa na mabenki katika msiba wa fedha wa mwaka 2008.

Jambo ambalo msomaji wa Makina, mtaani Kibera, hatalitarajia ni kwamba mgeni wa Quartzsite aghalabu hupelekwa kwanza kaburini kwa Haji. Huyu ni Haji Ali, mzaliwa wa dola ya Uthmaniya, aliyefika Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi lilikusudia kuwajaribu kwa kubeba mizigo jangwani. Ndimi za wenyeji zilishindwa na jina lake, wakamwita Hi Jolly, na ndivyo lilivyoandikwa kaburini. Askari walipenda nyumbu zaidi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, na jaribio likafa. Yeye akafariki mwaka 1902, na mwaka 1935 akajengewa piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni. Nadhani hakuna msimamizi wa msafara aliyestahiki zaidi kulala mahali hapo.

Ardhi ya jangwa ni mali ya serikali kuu, nayo tangu mwaka 1983 imetenga sehemu za kukaa tangu tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, kwa ada ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 180 kwa msimu mzima. Kwingineko mtu hukaa bure siku 14, kisha sheria humtaka ahame. Hakuna ruhusa ya kujenga hata kibanda cha mabati, na baina ya gari na gari shuruti pawe na nafasi ya futi 15, anasa ambayo mkazi wa Gatwekera, Kibera, ambaye ukuta wake ndio ukuta wa jirani, ataitazama kwa wivu wa haki.

Kwa upande wa maji, hata hivyo, mtu wa Kibera angekuwa mwenyeji kwa siku moja. Gari kamili lina matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyooshewa vyombo na mwili, na la choo, na mwenye gari hujua kila asubuhi amebakiwa na kiasi gani katika la kwanza na ataenda lini kumwaga la tatu. Mazungumzo ya waungwana hawa hurejea kwenye choo kwa uzito ambao matajiri wa Lavington hawaujui, lakini aliyenunua maji kwa mtungi wa lita 20 na kulipia mlango wa choo cha jumuiya anaujua sana.

Katika mikusanyiko ya Januari, mashuhuri ni ule uitwao Rubber Tramp Rendezvous, ulioanzishwa mwaka 2010 na Bob Wells kwa magari machache, ukakua hata ukawa wa maelfu. Kiingilio hakuna. Watu huketi duara juu ya viti vya kukunja, wakafundishwa namna ya kujisaidia katika ndoo bila ya kuvunja stara, ya kufunga paneli za jua, ya kulala mjini bila ya polisi kugonga kioo, na ya kuvuka mpaka hadi Los Algodones, Mexico, ambako tiba ya meno ni rahisi. Hufundishwa pia mahali pa kupata kibarua, maana pensheni haikidhi: mavuno ya viazisukari North Dakota wakati wa vuli, ulinzi wa kambi za watalii wakati wa joto. Jessica Bruder aliyaandika maisha haya katika kitabu Nomadland, mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ikatwaa Oscar mwaka 2021.

Wasafiri wa jamii hii si wageni kwetu kabisa. Mwaka 1959 na 1960 Wally Byam aliongoza msafara wa matrela 41 ya Airstream kutoka Cape Town hadi Cairo, ukapita Kenya. Wale, lakini, walikuwa na majumba ya kurejea.

Hawa wa leo wana haja ya kitu kimoja ambacho gari haliwezi kubeba, nacho ni anwani; bighairi yake hakuna leseni, bima, wala kura. Chama cha Escapees, kilichoasisiwa mwaka 1978, huwapokelea wanachama barua zao Livingston, Texas, na kwa anwani hiyo mtu aliye mbali kwa miezi huhesabiwa mkazi. Jimbo la South Dakota lilitoa leseni ya udereva kwa risiti ya kulala usiku mmoja kambini. Kwetu mambo yalikuwa kinyume: Wanubi wa Kibera, ambao babu zao askari walipiga maskani pale mwanzoni mwa karne ya 20, kwa miongo mingi walipeleka vijana wao mbele ya kamati za uhakiki ndipo wapate kitambulisho. Na walikuwa hawajahama hata mtaa. Hata hivyo wepesi wa South Dakota umeanza kupungua, kwani mwaka 2023 bunge lake lilipitisha sheria kwamba anayetaka kujiandikisha kupiga kura awe amekaa jimboni siku 30, na wenye magari, waliozoea risiti yao moja, wakapiga kelele.