Saa za Kwanza za Ndama

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishwa kwamba ndama huzaliwa akiwa na upungufu mkubwa wa kinga, kwa kuwa kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kingamwili, yaani protini zinazopambana na vijidudu. Hivyo ndama hutegemea dang'a, maziwa ya kwanza ya mamaye, ambayo utumbo hukoma kufyonza kingamwili zake baada ya saa 24 hivi. Asiyeweza kunyonya hunyweshwa kwa mpira unaopitishwa kooni na mkono uliofunzwa, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Mfugaji na amwite daktari mapema, ndama anapochelewa kusimama.