Maji Yanayotuama Kwenye Mfuniko wa Tenki la Pikipiki

Katika mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao makao makuu yake ni Bariadi, pikipiki ndiyo chombo kinachobeba abiria, magunia na hata mbuzi kati ya Lingeka na maeneo jirani, na kwa kuwa ukanda huo wa Ziwa Viktoria hupata mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na za masika kuanzia Machi hadi Mei, chombo hicho hunyeshewa sehemu kubwa ya mwaka. Baada ya mvua, injini ikianza kukosa nguvu, kupiga misi na hatimaye kuzima, lawama ya kwanza humwangukia muuzaji wa petroli ya chupa, anayedhaniwa kuichanganya na maji. Lawama hiyo huenda ikawa ya haki, lakini mara nyingi maji huwa yameingia kupitia mfuniko wa tenki, mahali ambapo dereva hupagusa kila anapoongeza mafuta bila kupachunguza.

Baadhi ya pikipiki zina mfuniko uliochomoza juu ya tenki, ambao maji huteleza pembeni mwake. Nyingine zina mfuniko uliozama, yaani uliolala ndani ya kishimo ili uwe sawa na uso wa tenki. Kishimo hicho hukusanya maji, na kwa sababu hiyo watengenezaji hukitoboa tundu dogo la kutolea maji, lililounganishwa na bomba jembamba linalopita katikati ya tenki bila kukutana na petroli hadi chini yake, ambako maji humwagika ardhini. Vumbi la kiangazi hujaa humo taratibu, na mvua ya kwanza inapolilowesha hugeuka tope linaloziba njia yote, hasa kwenye barabara zinazopita katika udongo mweusi wa mbuga, ambao ukishashika chuma hauachii kirahisi. Tundu likishaziba, maji hubaki yametuama juu ya mfuniko, na dereva anayeufungua bila kuyafuta huyamimina tenkini kwa mkono wake mwenyewe.

Njia nyingine haionekani kwa macho. Mfuniko una pia tundu la kupitisha hewa, lililo tofauti na lile la maji, na kazi yake ni kuruhusu hewa iingie kujaza nafasi inayoachwa na petroli inayotumika, kwani bila hewa hiyo mafuta hushindwa kushuka na injini huzima. Tundu hilo likifunikwa na maji, tenki huyavuta ndani pamoja na hewa. Na tenki lililoshinda juani likipozwa ghafla na mvua, hewa iliyomo hunywea na mvuto huo huongezeka, hasa ikiwa raba ya mfuniko imekauka na kupasuka.

Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, ilhali lita ya maji ina kilo moja kamili, kwa hiyo maji huzama chini ya tenki na kukaa huko yakilitia kutu. Dereva anaweza kutembea siku kadhaa bila tatizo, kwa kuwa bomba la kawaida la koki husimama juu kidogo ya sakafu ya tenki, hadi siku anapogeuza koki kwenye riziva, inayovuta kutoka chini kabisa, ndipo maji yanapofika kwenye kabureta.

Tiba yake si ngumu. Injini ikiwa imepoa, mbali na moto na sigara, koki hufungwa na skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta hulegezwa ili mafuta yatiririkie kwenye chupa angavu, ambamo maji hujitenga chini; yakiwa mengi, tenki lenyewe humwagwa lote. Tundu la kutolea maji husafishwa kwa uzi wa nailoni mnene, si kwa waya mgumu, kwa sababu bomba lililoliwa na kutu likitobolewa humwaga maji ya mvua moja kwa moja ndani ya petroli, na dalili yake ni mafuta kuchuruzika chini ya tenki linapojazwa pomoni. Kuziba mfuniko kwa gundi ya karatasi, kama wafanyavyo wengine, ni kosa, kwani huziba na hewa pia, na makava ya tenki yenye sponji, pamoja na uzuri wake, hutunza unyevu kwa muda mrefu.

Kabla ya kumshutumu mtu, dereva na aufunge mfuniko vizuri, amwage maji kidogo kwenye kishimo, kisha atazame chini ya tenki. Maji yakitokea huko mara moja, na raba ikiwa bado laini, hapo ana sababu ya kumrudia muuzaji na chupa yake mkononi.