Onyo Asilolisoma Mnunuzi wa Sigara Moja

Karibu na kijiwe cha bodaboda katika Kata ya Ruhuwiko, Manispaa ya Songea, tulisimama mchana mmoja mbele ya duka dogo lenye dirisha la nondo. Kijana alifika, akamwamkia mwenye duka: "Shikamoo mama. Naomba mbili." Mama akaitikia marahaba bila kuuliza mbili za nini, akanyoosha mkono kwenye pakiti iliyokwisha funguliwa, akachomoa sigara mbili na kumpa. Kijana akawasha moja kwa kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba kwenye nondo, nyingine akaiweka nyuma ya sikio, akaondoka. Pakiti ikarudishwa rafuni, upande wake wenye jina na rangi ukitazama barabara.

Shughuli yote haikumaliza dakika moja. Ndani ya muda huo palikuwa na onyo la afya, limechapwa kwa Kiswahili kama sheria inavyotaka, na mnunuzi hakuliona. Hakukosa kuliona kwa uzembe. Onyo lilikuwa juu ya pakiti, naye hakununua pakiti. Vivyo hivyo hununua wateja wengi katika mitaa yetu, kwa kuwa fedha ya sigara moja hupatikana kila siku na fedha ya pakiti nzima haipatikani.

Mlaji anayo haki ya kuelezwa madhara ya bidhaa kabla hajatoa fedha yake. Kwa sigara, haki hiyo imewekwa katika Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, ambayo pia inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, na tangu mwaka 2021 kazi ya kudhibiti bidhaa za tumbaku imekabidhiwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Msingi wa kisheria, kwa hiyo, upo. Tunalouliza hapa ni kama onyo lenyewe linamfikia anayekusudiwa, na likimfikia, linamwambia nini.

Sentensi iliyozoeleka ni hii: uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako. Hakuna uongo ndani yake. Lakini mtu amekutana na neno "hatari" kwenye nguzo ya umeme, kwenye lori la mafuta na kwenye kona ya barabara, na kila siku hupita salama. Neno lisilotaja ugonjwa, kiungo wala muda huishia kuwa sehemu ya pambo la pakiti, kama ilivyo nembo. Maneno yale yale yakirudiwa kwa miaka, jicho huyaruka. Mkataba tulioutaja uliliona jambo hilo: katika ibara yake ya 11 unataka maonyo yawe zaidi ya moja na yabadilishwe kwa zamu, yachukue asilimia 50 au zaidi ya sehemu kuu za kuonekana za pakiti, na kwa vyovyote yasipungue asilimia 30. Unaruhusu pia yawe picha. Onyo letu hadi sasa ni maneno matupu.

Hebu tuseme, basi, yale ambayo neno "hatari" limeyafunika. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Mojawapo ya gesi zake ni kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa; kwa mvutaji huingia kidogo kidogo na kuchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Utomvu mweusi unaonata, uitwao lami, hutuama mapafuni. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tangu moshi uvutwe, na ndiyo inayomrudisha kijana wetu dirishani jioni hata kama asubuhi aliapa kuwa ameacha. Matokeo yake si saratani ya mapafu peke yake. Kuna saratani ya kinywa na ya koo, kiharusi, ugonjwa wa moyo, na mishipa ya damu inayoziba hata mguu ukakatwa. Mvutaji yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu kuliko asiyevuta. Mama mjamzito anayevuta, au anayeishi ndani ya moshi wa mwenzake, anaweza kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Nguvu za kiume hupungua, jambo ambalo vijana wa kijiweni walilisikiliza kwa makini kuliko yote tuliyowaeleza. Kwa jumla, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kwamba inaweza kuua hadi nusu ya watumiaji wake wasioacha.

Kwa hapa nchini, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima ulionesha kuwa watumiaji ni takriban milioni 2.6. Miongoni mwa wanaume ni asilimia 14.6, na miongoni mwa wanawake ni asilimia 3.2. Kwa kuwa wengi wetu bado hatuvuti, muuza sigara anatazamia wateja wapya, na aghalabu wateja hao ni vijana.

Hapo ndipo tunapofika kwenye matangazo. Msomaji anaweza kusema kwamba matangazo ya sigara ni habari ya zamani, enzi ya wanaume wenye tabasamu kwenye mabango. Twakubali kwamba sauti imepungua. Hata hivyo, tangazo linaloishi muda mrefu kuliko yote ni pakiti yenyewe. Haihitaji redio. Hukaa rafuni usawa wa macho, mara nyingi jirani na peremende na biskuti, na mtoto aliyetumwa chumvi huitazama kila siku mpaka anajua rangi za kila chapa kabla hajajua kusoma vizuri. Jina zuri, rangi ya dhahabu, na manukato ya mnanaa yanayopoza koo ili moshi usiwashe: vyote hivyo ni maneno ya kumsihi mtu, ingawa hayakutamkwa. Ladha ya mnanaa haipunguzi sumu hata chembe. Hali kadhalika neno "laini": sigara inayoitwa laini huwa na vitundu vidogo kwenye kichujio, na mvutaji huvifunika kwa midomo au vidole pasipo kujua, au huvuta kwa nguvu zaidi, hata akapata nikotini yake ile ile. Mkataba unazitaka nchi zizuie maneno ya namna hiyo kwa sababu yanapotosha.

Kinachoweza kushindana na rangi ni picha. Wakulima wa Songea hawahitaji kufundishwa jambo hili. Chupa ya dawa ya kuua wadudu huja na alama ya fuvu na mifupa miwili, na bibi ambaye hakwenda shule huiweka juu ya dari mbali na wajukuu pasipo kusoma herufi moja. Hatujamsikia mtu akidai kwamba fuvu lile linamwonea mwenye duka la pembejeo. Kanada ilianza kuweka picha za madhara kwenye pakiti za sigara mwaka 2001, na tangu hapo nchi nyingi zimefuata. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, imetaka onyo la picha na maneno lichukue asilimia 65 ya pakiti. Nchini Kenya kanuni za mwaka 2014 zilizoleta picha zilipingwa mahakamani na kampuni ya sigara, shauri likapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2019 mahakama hiyo ikalitupilia mbali. Kampuni haitumii miaka kadhaa na mawakili wa ghali kupigana na kitu kisichofanya kazi. Hiyo ni hoja yetu tu, si hukumu ya mahakama.

Tunaandika haya tukijua tulipo. Mkoa wa Ruvuma ni mkoa wa tumbaku, hasa ile inayokaushwa kwa moshi. Tangu miaka ya 1930 jani hili limeuzwa kupitia ushirika, na katika Namtumbo na Songea zimo nyumba zilizoezekwa bati, na watoto waliosomeshwa, kwa fedha yake. Mzee mmoja alituuliza kwa heshima, lakini kwa uchungu, iwapo tumekuja kumwita muuaji. Hapana, baba. Sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania huuzwa nje ya nchi, na picha kwenye pakiti inayouzwa Ruhuwiko haiwezi kuibadili bei yako msimu huu wala ujao. Na mkulima naye ni mlaji. Anavuta, mwanawe anavuta, na yeye ndiye anayeshinda katika bani lenye moshi na kuchuma majani mabichi yenye nikotini inayopenya ngozini. Anastahili kuambiwa ukweli sawa na mtu wa Dar es Salaam.

Ugoro na tumbaku ya kutafuna tunavitaja kwa kupita. Vinauzwa sokoni vimefungwa katika vipande vya nailoni, bila pakiti na bila onyo lolote, navyo pia husababisha saratani ya kinywa.

Turudi dirishani. Hata tukipata kesho picha kubwa kuliko zote, kijana wa sigara mbili bado hatashika pakiti. Uganda ilikataza kuuza sigara moja moja, na sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza pakiti yenye sigara chini ya kumi. Kwa maoni yetu, onyo lenye nguvu haliwezi kutenganishwa na namna sigara inavyouzwa. Ama mnunuzi aione pakiti, ama onyo litoke kwenye pakiti na kubandikwa mahali anaposimama. Tulimwomba yule mama atusomee maandishi ya pakiti yake. Aliigeuza mara mbili, akaisogeza mbali na macho, akacheka: "Mwanangu, miwani yangu iko nyumbani." Tulipomsomea, alisema ameuza sigara kwa miaka mingi na hakuna mteja aliyewahi kumwomba kuiangalia.

Nawe unaweza kuanza na hilo. Ukinunua sigara moja, omba kuona pakiti na uisome pande zote. Muuzaji hana sababu ya kukunyima. Ikiwa haina onyo, au maandishi yake ni ya lugha isiyotumika hapa nchini, yaelekea imeingizwa kwa njia ya magendo. Usimtume mtoto sigara. Tunajua ni desturi, baba husema "nenda dukani uniletee mbili" na mtoto hukimbia, lakini anayemuuzia mtoto huyo anavunja sheria hata kama sigara ni ya baba, na mtoto anajifunza bei na chapa. Mwenye duka, iondoe pakiti karibu na peremende, uiweke chini ya kaunta au nyuma yako, wanaoihitaji watauliza.

Anayetaka kuacha ajue kwamba mwili hauweki kinyongo. Baada ya dakika 20 mapigo ya moyo huanza kushuka, baada ya saa 12 ile gesi ya jiko la mkaa hurudi katika kiwango cha kawaida kwenye damu, na baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa karibu nusu ya ile ya mvutaji. Siku za kwanza ni ngumu, hasira na kukosa usingizi ni kawaida, na wengi hujaribu zaidi ya mara moja. Mweleze mhudumu wa afya katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, hasa kama una kikohozi kilichozidi wiki mbili.

Ukiona sigara isiyo na onyo, au duka linalowauzia watoto, toa taarifa kwa afisa afya wa kata au kwa TMDA. Andika jina la bidhaa, mahali na siku, na ikiwezekana ihifadhi pakiti tupu.